Kirusi kipi kwa kuvu ipi? Ulinganisho kwa anayetaka kutibu mti au zao

Chukua visahani viwili vya maabara vyenye agari ya viazi. Katika cha kwanza otesha kuvu iitwayo Cryphonectria parasitica, ile inayokausha michesinati. Baada ya wiki moja hivi utaona duara la rangi ya chungwa lililojaa vipele, na ndani ya vipele hivyo ndimo spora zinamotengenezwa. Katika cha pili otesha kuvu hiyohiyo, ila iliyokwisha kuambukizwa kirusi CHV1. Hii inatoka nyeupe kama pamba, na vipele vyake ni vya kuhesabu. Ukiipeleka ya kwanza kwenye gome la mti, gome litapasuka na tawi lote juu yake litakauka. Ya pili itaacha donda la juujuu, ambalo mti utalifunika kwa kovu na kuendelea kuishi.

Kila anayeviona visahani hivyo kwa mara ya kwanza huuliza: si tupake tu hicho kirusi kwenye kila mti mgonjwa? Swali la pili hufuata papo hapo: na kuvu nyingine je, zina virusi vyao? Hili la pili lina jibu rahisi. Tangu Hollings alipoviona virusi ndani ya uyoga wa kulimwa huko Uingereza mwaka 1962, vimepatikana katika makundi makubwa yote ya kuvu. Virusi vipo tele. Kazi ni kuchagua, na wengi huchagua vibaya kwa sababu hutazama jambo moja tu: kirusi kinaidhoofisha kuvu kwa kiasi gani. Mimi hutazama kwanza kinasafiri vipi.

Virusi vingi vya kuvu havina maisha nje ya kuvu. Havipeperuki, havielei majini, havisubiri juu ya jani. Vinahama kwa njia mbili. Ama uzi wa kuvu moja unagusana na uzi wa nyingine, kuta zinafunguka na yaliyomo yanachanganyika. Ama kirusi kinapanda ndani ya spora na kwenda nayo iendako. Mlango wa kwanza una bawabu. Kuvu mbili za aina moja zikikutana hupimana kwa jeni maalumu: zikilingana huungana, zisipolingana seli za mpakani hujiua, na mara nyingi kirusi kinafia hapohapo. Mlango wa pili mara nyingi umefungwa kwa spora zinazotokana na kujamiiana, hata pale ambapo spora nyingine zinakibeba.

Shika hayo mawili, kisha tuvilinganishe.

CHV1 na donda la mchesinati

Naanza hapa kwa sababu hapa ndipo dawa ya namna hii ilipofanya kazi msituni, katika nchi kadhaa, kwa miongo.

Ugonjwa ulionekana mwaka 1904 kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na ndani ya nusu karne ukaangusha michesinati ya Marekani inayokadiriwa kufikia bilioni 3 hadi 4. Ulaya uligunduliwa karibu na Genoa, Italia, mwaka 1938, na watu wakajiandaa kwa msiba uleule. Haukuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Antonio Biraghi aliona madonda yaliyokuwa yakipona yenyewe, na katika muongo uliofuata Jean Grente wa Ufaransa akatoa kwenye madonda ya namna hiyo kuvu nyeupe, akaonyesha kwamba weupe ule na upole ule vinaambukiza. Uthibitisho wa kufunga mjadala ulitoka mwaka 1992: Choi na Nuss walitengeneza nakala ya jenomu ya kirusi, yaani jeni zake zote, kwa umbo la DNA, wakaiingiza katika kuvu kali isiyokuwa na kirusi, na kuvu ikapoa.

Kirusi chenyewe ni kitu cha ajabu. Ni RNA yenye herufi 12,700 hivi, haina hata ganda la protini. Inaishi ndani ya vifuko vya utando kwenye seli ya kuvu, basi. Ndiyo maana huwezi kukichuja, kukitia kwenye chupa na kukinyunyiza. Unachopeleka msituni ni kuvu hai iliyobeba kirusi. Fundi hutoboa vishimo kwenye gome, kuzunguka ukingo wa donda, sentimita chache kati ya kimoja na kingine, kisha hujaza kila kishimo kwa rojo la kuvu nyeupe. Nyuzi za kuvu ya dawa zinakutana na nyuzi za kuvu ya ugonjwa, na zikipatana kirusi kinavuka.

Zikipatana. Neno hilo ndilo lililoamua kwa nini Ulaya ilifaulu na mashariki ya Marekani ikashindwa. Huko Ulaya wamebainisha jeni sita za upatanifu katika kuvu hii, zinazoweza kutoa makundi 64, yaliyopewa namba kutoka EU-1 hadi EU-64. Lakini katika maeneo mengi ya Ulaya makundi machache tu ndiyo yanayotawala. Kusini mwa Balkani, kwa mfano, EU-12 imeshika sehemu kubwa sana. Kuvu ya dawa ikiwa ya kundi hilo, karibu kila donda ni ndugu yake. Mashariki ya Marekani makundi yamechanganyika sana, hata katika msitu mmoja, na juu ya hayo mchesinati wa Marekani wenyewe ni dhaifu kuliko wa Ulaya mbele ya ugonjwa huu. Donda unalolitibu linaweza kupona, lakini la mti wa jirani hata halijapata habari. Michigan ndiyo iliyotofautiana: huko kirusi cha ukoo huohuo, CHV3, kilijisambaza chenyewe na baadhi ya vichaka vya michesinati vikaamka.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niseme usichague kwa ukali. CHV1 kina koo ndogondogo. Ukoo wa Kifaransa uitwao F1 unaipiga kuvu vibaya: inakua polepole, spora ni chache mno, donda linabaki dogo. Ukoo wa Kiitalia, uitwao I, unaidhoofisha kiasi. Kuvu inaendelea kupanuka katika gome na kutoa spora za kutosha. Mtu akiona matokeo ya maabara pekee atachukua F1 bila kufikiri. Lakini spora ndizo gari la kirusi, na kuvu isiyokua haigusani na mtu. Ukoo wa Kiitalia ndio ulioenea kwa upana zaidi Ulaya, na ni wenyewe uliojisambaza, si kazi ya watu peke yake. Ikiwa unataka kuponya mti mmoja wa thamani uani, F1 inaweza kukutosha, kwa kuwa wewe mwenyewe ndiwe gari. Ikiwa unataka msitu ujitibu baada ya wewe kuondoka, chagua kirusi kinachomwachia mwenyeji wake nguvu za kutembea.

Wanasayansi nao wamejaribu kumzunguka bawabu. Mwaka 1993 kundi la Nuss lilionyesha kwamba nakala ya kirusi ikipandikizwa ndani ya kromosomu ya kuvu, kirusi hupita hata kwenye spora za kujamiiana, mlango ambao kwa kawaida CHV1 hakiwezi kuupita. Mwaka 2016 Zhang na Nuss wakaenda upande mwingine: walivuruga jeni kadhaa za upatanifu na kupata kuvu ambayo, tuseme, haimkatai mgeni wala haikataliwi. Wakitumia mbili za namna hiyo pamoja, katika maabara kirusi kilivuka karibu kila mara. Ni werevu mkubwa, ila ni kiumbe kilichobadilishwa jeni, na kukiachia msituni kunahitaji ruhusa ambayo si kila nchi itaitoa. Kabla ya kukiweka kwenye mpango wako, uliza sheria kwanza.

Elmu na ashi

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa ushauri wangu ni mfupi: usitegemee virusi.

Kuvu inayonyausha miti ya elmu, Ophiostoma novo-ulmi, ina virusi vidogo vinavyokaa ndani ya mitokondria, vile viungo vya seli vinavyoipa nguvu. Clive Brasier aliviona vikifanya kazi katika miaka ya 1980, kabla hata tabia yake kamili haijajulikana, akaviita visababishi vya d. Vinaidhoofisha kuvu kweli. Lakini ugonjwa huu haukai kwenye gome ambako unaweza kuufikia kwa kishimo na rojo; umo ndani ya mishipa ya maji ya mti, umeletwa na mbawakawa, na mti unaweza kunyauka msimu huohuo. Halafu kuvu yenyewe ilijitetea. Ilipokuwa ikivamia maeneo mapya ilikuwa karibu ya kundi moja la upatanifu, na virusi vikasambaa humo kama moto nyikani. Mwaka 2006 Paoletti, Buck na Brasier walionyesha kwamba iliazima jeni za upatanifu kutoka kwa kuvu jamaa yake, Ophiostoma ulmi, na kwa muda mfupi makundi yakawa mengi. Kwa maneno mengine ilibadilisha kufuli za nyumba nzima. Anayedhani kuvu hukaa tu ikisubiri kutibiwa aisome habari hiyo mara mbili.

Kuvu inayoua miti ya ashi Ulaya, Hymenoscyphus fraxineus, nayo ina kirusi cha mitokondria. Ila huzaliana kwa kujamiiana kila mwaka juu ya vikonyo vya majani yaliyoanguka, na ina makundi ya upatanifu mengi kupita kiasi. Kila mwaka bawabu mpya. Acha.

Kirusi kilichovunja kanuni

SsHADV-1 kilipotangazwa mwaka 2010 na watafiti wa Wuhan, China, wengi tulilazimika kufuta sentensi tulizokuwa tukizirudia. Kinaishi katika Sclerotinia sclerotiorum, kuvu inayoozesha mimea ya aina zaidi ya 400, ikiwamo mirapa (zao la mbegu za mafuta), maharage na alizeti. Jenomu yake si RNA bali ni DNA, duara dogo la herufi 2,166, chini ya moja ya tano ya CHV1. Na kina ganda. Mwaka 2013 ikaonekana kwamba chembe zake zilizosafishwa, zikinyunyiziwa, huingia moja kwa moja kwenye nyuzi za kuvu zilizo hai, bila kuungana na kuvu nyingine. Bawabu amekaa mlangoni, mgeni kapitia dirishani.

Kuna njia ya tatu pia. Kiinzi kiitwacho Lycoriella ingenua hula kuvu hiyo, na mwaka 2016 ilithibitika kwamba kirusi huzaliana ndani ya mdudu mwenyewe, hupita hadi kwenye mayai yake, na huhamishiwa kwenye kuvu nyingine. Mwaka 2020 likaja lililonishangaza zaidi: kuvu yenye kirusi hiki huingia ndani ya mmea wa rapa na kuishi humo bila kuudhuru, na mmea unakuwa imara zaidi mbele ya magonjwa. Muuaji amegeuzwa mpangaji mwema.

Ukikilinganisha na CHV1, basi, hiki kinashinda kwa usafiri: kinanyunyizika, kinabebwa, hakihitaji ulingane na mtu. Kinashindwa kwa upana. Kimethibitika kwenye Sclerotinia sclerotiorum na ndugu zake wa karibu, kama S. minor na S. nivalis, usitarajie kitibu kuvu ya mti kwa sababu tu kimefaulu shambani. Vilevile rapa ni zao la msimu. Kila mwaka shamba jipya, kila mwaka nafasi ya kunyunyiza upya. Mti wa miaka 80 hauna nafasi hiyo, na kwa sababu hiyo silioni kama kosa kwamba dawa bora ya mti na dawa bora ya zao zimekuwa za tabia tofauti kabisa.

Chini ya ardhi

Mizizi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa kuwa hata kuiona kuvu ni shida. Nalinganisha mbili.

Rosellinia necatrix huozesha mizizi ya mitufaha, mipea na mizabibu, na watafiti wa Japani wameishughulikia kuliko wengine. Kirusi wanachokitegemea, RnMBV1, kilielezwa mwaka 2009: RNA ya nyuzi mbili katika vipande viwili, ndani ya chembe ya nanomita 50 hivi. Walisafisha chembe hizo, wakaziingiza kwenye seli za kuvu zilizovuliwa kuta, wakaotesha kuvu upya, na ilipopelekwa kwenye mizizi ya mtufaha ilikuwa imepoteza makali. Kama jaribio ni safi sana. Kama dawa ya shamba bado ina mlima, kwa sababu kuvu za udongoni za aina hii hazipatani kirahisi. Wamejaribu hata chumvi za zinki, ambazo hupunguza kule kujiua kwa seli za mpakani na kumpa kirusi mwanya.

Heterobasidion, kuvu ya pili, huozesha mashina ya misonobari na jamii zake. Spora hutua kwenye kisiki kibichi, kuvu inashuka mizizini, kisha inavuka hadi mti wa jirani pale mizizi inapogusana. Kwa kisiki kibichi dawa ipo tayari na haihitaji kirusi chochote: tangu kazi ya Rishbeth huko Uingereza katika miaka ya 1960, hupakwa Phlebiopsis gigantea, kuvu isiyo na madhara inayowahi kukikalia kisiki. Urea pia hutumika. Ukiwa na visiki vibichi, acha kusoma habari za virusi, kapake hiyo. Tatizo ni kuvu iliyokwisha kujichimbia katika mizizi ya zamani, ambako inaweza kukaa miongo. Hapo ndipo watafiti wa Finlandi wanapokitazama kirusi HetPV13-an1, ambacho mwaka 2018 walieleza kuwa kinakwamisha vikali ukuaji wa kuvu hiyo. Uzuri wa virusi vya Heterobasidion ni kwamba baadhi huvuka hata kati ya kuvu zisizopatana, na hata kati ya spishi. Ubaya ni kigeugeu: kirusi kilekile kinaweza kudhuru kuvu moja, kuiacha nyingine vilevile, au hata kuisaidia, kutegemea mwenyeji na mazingira. Kati ya RnMBV1 na HetPV13-an1, kama ningelazimishwa kuweka dau, ningeweka kwa hiki cha pili, kwa sababu ya kuvuka kwake.

Virusi ambavyo hupaswi kuvigusa

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila kirusi ni adui wa kuvu. Sivyo. Vingi havionyeshi dalili yoyote. Vingine vinaongeza ukali: katika Nectria radicicola, kuvu inayoozesha mizizi ya jinsengi, watafiti wa Korea walionyesha mwaka 2001 kwamba RNA ya kirusi ndiyo iliyoipandisha makali. Hebu fikiria umekusanya kirusi hicho na kukisambaza kwa nia njema.

Na kipo kisa cha Yellowstone, Marekani. Nyasi ziitwazo Dichanthelium lanuginosum huota pale kwenye udongo uliochemshwa na joto la ardhini, hadi nyuzi 65 za Selsiasi. Ndani ya nyasi imo kuvu, Curvularia protuberata, na ndani ya kuvu kimo kirusi. Mwaka 2007 Márquez na wenzake waliitoa kuvu kirusi chake, wakairudisha kwenye nyasi, na nyasi hazikustahimili joto tena. Walipokirudisha kirusi, ustahimilivu ukarudi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukikuta kirusi ndani ya kuvu inayoishi kwa amani katika mmea, usidhani kukiondoa ni usafi.

Namna ninavyochagua

Kwa donda la gome linaloonekana na kufikika, katika msitu wenye makundi machache ya upatanifu, natumia CHV1, ukoo mpole, katika kuvu ya kundi la pale pale. Makundi yakiwa mengi, nachanganya kuvu za dawa za makundi kadhaa na kukubali kwamba natibu miti, siyo msitu. Kwa Sclerotinia shambani, SsHADV-1. Kwa visiki vibichi, Phlebiopsis. Kwa mizizi iliyokwisha kuoza, utafiti, na subira. Kwa elmu na ashi, fedha yangu ningeiweka kwenye kutafuta miti yenye kinga ya asili.

Mwanafunzi anayetafuta kirusi kipya ana uchaguzi mwingine, wa njia ya kukiona. Njia ya zamani ya kunasa RNA ya nyuzi mbili kwa unga wa selulosi ni rahisi na haihitaji mashine kubwa, lakini haikutengenezwa kuona kirusi cha DNA kama SsHADV-1. Kusoma RNA yote ya kuvu kwa mashine kunafichua hata virusi vilivyo vichache sana. Nimeona watu wakirudi na orodha ya virusi kumi na wawili na furaha tele, bila kujua hata kimoja kinafanya nini. Orodha si tabia. Lazima upate kuvu ileile ikiwa na kirusi na ikiwa haina, uzipande zote mbili kwenye mmea, upime donda. Kumwondoa kirusi kwenye kuvu ndiyo kazi inayokula miezi, hasa hivi vya mitokondria ambavyo vinang'ang'ania.

Na kabla ya yote hayo, rudi kwenye kisahani. Weka kipande cha kuvu yako ya ugonjwa na kipande cha kuvu ya dawa, milimita chache kati yao, uache zikue na kukutana. Ukiona mstari mwembamba wa nyuzi zilizokufa umesimama katikati kama ukuta, na kila upande umebaki na rangi yake, kuvu hizo hazikupatana, tafuta nyingine. Ukiona weupe umevuka mpaka na kuanza kufunguka kama upepeo ndani ya ile rangi ya chungwa, kata kipande cha ukingo wa huo weupe, kioteshe peke yake, na kikibaki cheupe hapo ndipo uanze kutoboa gome.